Miguu Miwili ya Kushoto

Jumatatu, 8 Agosti

Daftari hili lilikuwa la hesabu. Kurasa za mwanzo zenye milinganyo nimezichana, kwa kuwa shule imekwisha na sitaki kuziona tena. Zilizobaki nitaandikia kazi yangu ya kwanza. Mwalimu wa jiografia ndiye aliyenitaja. Watu wa makumbusho walimuuliza kama ana mwanafunzi anayechora bila mkono kutetemeka. Akasema yupo, ila haongei. Wakasema kazi yenyewe haihitaji kuongea.

Kazi iko kwenye machimbo ya kokoto nje ya mji. Getini nimepewa filimbi na kofia ngumu inayonifika kwenye nyusi. Simu zote zinaachwa kwa mlinzi kwenye sanduku la mbao, kwa sababu ya baruti. Nyapara akaniuliza jina ili aliandike. Nikamwambia. "Nini?" Nikamwambia tena. "Jamani, huyu mtoto amemeza spika!" akawapigia kelele wenzake, wakacheka wote. Ilipofika saa kumi, machimbo yote yaliniita Spika.

Chini kabisa ya shimo kuna sakafu ya mwamba, pana kama madarasa mawili na ndefu kama nusu ya uwanja wa mpira, yenye mikunjo midogo kama mchanga wa ufukweni. Daktari wa makumbusho alituambia palikuwa ukingo wa ziwa katika kipindi cha Kretasia, miaka zaidi ya milioni mia moja iliyopita. Dinosau mmoja alikatisha kwenye tope, tope likakauka, mchanga ukalifunika, matabaka yakalaliana mpaka yakawa jiwe. Ameacha nyayo arobaini na nne. Kila unyayo una vidole vitatu na ni mrefu kama mkono wangu kutoka kiwiko mpaka ncha za vidole.

Mwenye machimbo anataka jiwe gumu lililo chini ya sakafu hiyo. Ametupa muda mpaka mwisho wa Septemba, kabla mvua hazijajaza shimo. Baada ya hapo ni baruti.

Nimerudi nyumbani nikamwambia Mama yote haya. Alikuwa anatunga uzi kwenye sindano ya cherehani. "Yaani wanakulipa uchore miguu," akasema.

Jumatano, 10 Agosti

Nimejifunza kazi. Unapiga magoti juu ya gunia na kusafisha unyayo kwa brashi mpaka kila kidole kionekane. Unatandaza karatasi ya nailoni angavu juu yake, unabana pembe kwa mawe, unachora ukingo kwa kalamu nyeusi. Karatasi moja huchukua nyayo mbili. Ukimaliza, unaandika namba na mshale wa mwelekeo kwa kalamu nyekundu. Nyeusi ni ya umbo, nyekundu ni ya namba. Daktari amerudia mara tatu, huku akitafuna kifuniko cha kalamu kama mbuzi aliyepata gunzi.

"Msinichanganyie rangi. Nikikuta namba nyeusi, karatasi hiyo naitupa."

Wachimbaji wamesikia neno daktari wakafurahi. Wakati wa chai mmoja alikuja kumwonyesha jino.

Alhamisi, 11 Agosti

Nyayo za 3 na 4. Nimeona kitu. Kila mguu wa kushoto wa mnyama huyu una kidole cha nje kilichopinda, kama kilivunjika kikaunga vibaya. Ukisimama ukitazama alikokuwa akienda, mashine ya kusaga kokoto iko mkono wako wa kushoto, pampu ya maji iko kulia. Kidole kibovu kinaelekea kwenye mashine. Ni hivyo kwenye unyayo wa 1 na hivyo hivyo kwenye wa 3.

Nilimnong'oneza Dada wa Chuo. Yeye anasomea mawe chuo kikuu, ndiye anayepima urefu na kina, na anaongea tangu getini asubuhi mpaka getini jioni. Akapaza sauti: "Daktari, njoo uone, tumegundua kitu!"

Tumegundua. Nilirudi kusugua mwamba mpaka brashi ikapoteza nywele.

Ijumaa, 12 Agosti

Nyayo za 5 na 6. Kidole kuelekea mashine. Nimempa jina: Mzee Kidole. Vumbi.

Jumatatu, 15 Agosti

Za 7 na 8. Kidole kuelekea mashine.

Fundi Baruti amepita leo kukagua. Ni mzee mwenye vidole vitatu tu kwenye mkono wa kulia, na hacheki na mtu. Nilimwamkia, "Shikamoo Babu," akaitikia bila kuniangalia. Alisimama akiinamia karatasi yangu kwa muda mrefu, akasema "Hm," akaondoka. Naamini alikuwa anahesabu mashimo ya baruti. Namwogopa kuliko dinosau mwenyewe.

Jumanne, 16 Agosti

Za 9 na 10. Kidole kuelekea mashine. Daktari amesafiri.

Jumatatu, 22 Agosti

Pampu imeharibika. Maji yametoka chini usiku na kufunika sakafu. Tumekaa.

Jumanne, 23 Agosti

Tumekaa. Dada wa Chuo amenisimulia maisha yake yote hadi darasa la tano.

Alhamisi, 25 Agosti

Za 19 na 20. Kidole cha unyayo wa 19 kuelekea mashine, kama siku zote.

Kalamu nyekundu imekauka. Nimeitia mate na kuisugua kiganjani, haitoi kitu. Nilikwenda ofisini, ambayo ni kontena lenye dirisha, kuomba nyingine. Daktari alikuwa kwenye simu ya mezani. Nilisubiri mlangoni karibu robo saa. Akafunika simu kwa kiganja: "Sema, binti." Nikasema hakuna kitu. Kwa nini nilisema hakuna kitu? Nilikuwa na kitu. Kilikuwa mkononi!

Dada wa Chuo aliponiona narudi mikono mitupu alisema, "Andika kwa nyeusi, mdogo wangu, dunia haitapasuka." Lakini Daktari alisema ataitupa. Nimeikunja karatasi bila namba.

Ijumaa, 26 Agosti

Za 21 na 22. Kidole cha 21 kuelekea mashine. Hakuna kalamu nyekundu. Upepo, nailoni imenipiga usoni mara mbili.

Jumatatu, 29 Agosti

Za 23 na 24. Kidole cha 23 kuelekea mashine. Daktari amesema kalamu italetwa kesho. Sikumwomba mimi, Dada wa Chuo ndiye aliyemwomba. Mimi nilikuwa nyuma yake, nikitikisa kichwa kukubali.

Jumanne, 30 Agosti

Kalamu imefika. Nimeandika namba na mishale kwenye zile karatasi tatu, juu ya meza ofisini. Kisha za 25 na 26. Kidole kuelekea mashine.

Ijumaa, 9 Septemba

Za 39 na 40. Kidole kuelekea mashine. Magoti yangu yamekuwa meusi. Mama anasema hata aliyeoga kwa jivu ana afadhali.

Jumanne, 13 Septemba

Jana tulimaliza ya 44. Nilidhani mtu atasema neno. Daktari alihesabu karatasi, zikatimia ishirini na mbili, akasema "Haya," akarudi kwenye simu.

Leo kuna habari mbaya. Mwenye machimbo anataka njia ya malori ipite katikati ya shimo, na anaitaka sasa. Sehemu ya katikati, yenye nyayo za 19 mpaka 24, italipuliwa Ijumaa. Mpiga picha wa makumbusho anakuja Jumatatu ijayo. Daktari amepiga meza, amepiga simu, amepiga tena meza. Nyapara alisimama mlangoni na kofia mkononi.

"Daktari, mimi nimetumwa tu. Si mmeshachora?"

"Tumechora," Daktari akasema. Akalitazama rundo la nailoni kama mtu anayetazama mwavuli mmoja katika familia ya watu sita.

Ijumaa, 16 Septemba

Wamelipua saa nne. Fundi Baruti alipiga filimbi mara tatu ndefu, akatuondoa wote mpaka nyuma ya ukuta wa matofali, akatuhesabu kwa kutunyooshea kimoja cha vile vidole vitatu. Mlio wenyewe ulikuwa mdogo kuliko nilivyotegemea. Ulikuwa kama mtu aliyefunga mlango wa chumba kikubwa kwa hasira. Kisha vumbi, kisha likaja lori.

Mzee Kidole alikatisha pale siku moja, na kidole chake kinauma. Mvua zote, matabaka yote, miaka yote hiyo, havikumfuta. Amefutwa kati ya chai na chakula cha mchana.

Fundi Baruti aliandika kitu kwenye kitabu chake kirefu, akapita karibu yangu. "Usilie kwa jiwe," akasema. Sikuwa nalia, lilikuwa vumbi.

Jumatatu, 19 Septemba

Mpiga picha amekuja, amepiga kilichobaki. Amesema ni kizuri sana. Aliuliza kwa nini katikati pana barabara.

Jumanne, 20 Septemba

Daktari amepeleka karatasi zote kwa mpiga chapa mjini, zimefunikwa kwa plastiki ya moto pande zote mbili kama vitambulisho. Hata spiriti haifuti tena. Amezirudisha akiwa amezikumbatia.

Mawingu upande wa mashariki. Hayakushuka.

Ijumaa, 23 Septemba

Leo Daktari amezipanga karatasi zote sakafuni kwenye ukumbi wa ofisi kuu ya machimbo, kutoka ukuta hadi ukuta. Alitembea kando yake akiinama, akifika katikati anarudi, akifika katikati anarudi. Kisha akatuita kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia.

"Tazameni ya 19! Kidole kilichopinda kiko wapi?"

Dada wa Chuo akainama. "Kulia."

"Na 21? Na 23? Kulia, kulia! Kabla ya hapo ni kushoto, baada ya hapo ni kushoto. Na unyayo wa 18 na wa 19 ni wa mguu ule ule, kulia kisha kulia tena. Mnyama mmoja hawezi kwenda hivyo, labda awe anarukaruka kwa mguu mmoja." Akacheka peke yake. "Walikuwa wawili! Mmoja alifuata nyuma ya mwenzake, na hapa katikati akakanyaga juu ya nyayo zake. Na wote wana kidole kibovu, mmoja kushoto, mmoja kulia. Si ajali tena hiyo, ni kilema cha ukoo. Ni ndugu!"

Alimshika mkono Dada wa Chuo, akanishika na mimi. Ijumaa ijayo atawaita wakubwa wa makumbusho, mwenye machimbo na mtu wa gazeti. Huenda wakikubali kwamba hapa ni mahali pa pekee, kuta zilizobaki zisilipuliwe, kwa kuwa matabaka yale yanaingia ndani ya ukuta na huenda nyayo zinaendelea humo.

Nilifurahi njia nzima. Nilipofika nyumbani furaha ilikuwa imebaki nusu, na sijui nusu nyingine imedondokea wapi.

Jumapili, 25 Septemba

Nimejua ilikodondokea.

Mama alikuwa anashona sare za kwaya, magauni kumi na mawili ya mikono mirefu. Mimi nilikuwa nakata uzi unaoning'inia. Ghafla akaacha kukanyaga cherehani. Akainua mkono mmoja wa gauni, akainua wa pili, akaiweka pamoja.

"Yesu wangu. Nimekata mikono miwili ya kushoto."

"Kivipi, Mama?"

"Kivipi nini? Kitambaa hiki pande zote mbili zinafanana. Nimechora kwa karatasi ya kukatia mkono mara mbili bila kuigeuza. Ukigeuza unapata wa kulia, usipogeuza unapata wa kushoto. Ndiyo maana huwa natia alama ya chaki upande wa ndani kabla sijaondoa mezani. Kabla! Ukishaondoa mezani umekwisha, hujui tena juu ni wapi." Akanitazama. "Wewe una nini? Mbona umekaa kama umeona nyoka?"

Nailoni pia pande zote mbili zinafanana.

Nilikuja kuchukua daftari hili nikarudi nyuma mpaka tarehe 25 Agosti. Ya 19, kuelekea mashine. Ya 21, kuelekea mashine. Ya 23, kuelekea mashine. Mashine iko kushoto. Niliona kwa macho yangu, nikiwa nimepiga magoti, kidole cha kushoto, siku zote tatu. Kisha nikazikunja karatasi bila namba, na tarehe 30 nikazifungua mezani, nikaandika namba upande uliotokea juu. Nilizigeuza mimi. Mguu wa kushoto ukawa wa kulia.

Hakuna ndugu. Ni Mzee Kidole yule yule, peke yake, na mtu aliyeona haya kuomba kalamu.

Jumatatu, 26 Septemba

Daktari hayupo. Atarudi kesho.

Jumanne, 27 Septemba

Nimesema. Yaani nimeanza kusema.

"Daktari, zile karatasi tatu..."

"Nzuri mno, binti. Mkono wako umetulia. Nitawaambia wageni kwamba mchoraji ni mtoto wa hapa hapa."

"Hapana, nilitaka..."

"Usijidharau. Mnajidharau sana nyie watoto."

Simu ikalia.

Jumatano, 28 Septemba

Nimesimama mlangoni mara mbili. Mara ya kwanza alikuwa na nyapara. Mara ya pili alikuwa peke yake na mimi ndiye niliyeondoka. Najichukia kuliko ninavyoweza kuandika. Kazi isiyohitaji kuongea! Nani aliwadanganya kwamba iko kazi ya namna hiyo?

Mawingu tena. Matone mawili matatu, kisha jua kali kama dhihaka.

Alhamisi, 29 Septemba

Nimemwambia Dada wa Chuo. Nilitegemea atapiga kelele machimbo yote yasikie. Hakupiga. Alikaa juu ya ndoo akaacha kuongea, na ndipo nilipojua kwamba ananiamini. Nilimwonea wivu muda wote huu kwa sababu ya mdomo wake, kumbe ana masikio pia.

"Ushahidi?" akauliza. "Jiwe limeshakuwa kokoto. Picha hakuna. Tungekuwa hatujaziziba kwa plastiki, tungejua wino mweusi uko upande gani na mwekundu upande gani. Mimi nilipima urefu na kina tu, sikuandika kushoto wala kulia. Atakuambia umechanganya kichwani, na kesho wageni wanakuja."

Nikasema niliandika.

"Uliandika wapi?"

Nikasema kwenye daftari. La nyumbani. La kwangu.

"Basi mpe."

Ni rahisi kwake. Humu ndani kuna mbuzi aliyepata gunzi. Kuna "tumegundua", kuna magoti yangu, kuna kila mara niliposimama mlangoni na kusema hakuna kitu. Mtu akilisoma atakuwa amenisikia nikiongea kuliko watu wote duniani, Mama akiwemo.

Lakini kama sitampa, kesho atasema uongo mbele ya watu bila kujua kwamba ni uongo, na uongo wenyewe ni wa kwangu. Na huenda uongo huo ukaokoa kuta. Hilo nimelifikiria tangu jana. Nimejaribu kulifikiria kama mtu mzima, nikajikuta namfikiria Mzee Kidole tu. Alipita mara moja. Hakuacha kingine chochote duniani. Angalau tuseme alivyopita.

Mama ameniona natia uzi mwekundu kwenye kurasa hizi kuziwekea alama. Aliukata tu kwa meno, akanikabidhi.

Jumamosi, 1 Oktoba

Ninaandika nyuma ya karatasi ya kukatia mkono wa gauni, kwa sababu daftari sina tena.

Jana nilifika kabla ya saa mbili. Daktari alikuwa kwenye kontena, amevaa koti, anasoma maneno ya kuwaambia wageni huku akitafuna kalamu.

"Shikamoo, Daktari."

"Marahaba. Si sasa, binti."

"Naomba usome kurasa zenye uzi."

"Baadaye. Wageni wanaingia saa nne."

Sikuondoka mlangoni. Nilinyoosha daftari, mkono ukabaki hewani mpaka ukaanza kuuma. Nadhani alilipokea ili nitoke.

Alisoma tarehe 25. Akasoma 26, 29, 30. Kisha akarudi mwanzo kabisa akaanza kusoma kila ukurasa, na mimi nimesimama pale pale. Nilijua alipofika kwenye mbuzi, kwa sababu aliitoa kalamu mdomoni akaiweka mezani polepole.

Alisoma mpaka mwisho. Akavua koti.

"Umeandika 'kuelekea mashine'," akasema. Sauti yake ilikuwa kavu. "Mashine ile ina magurudumu. Nitajuaje kwamba mwezi wa nane ilikuwa pale pale? Mtu akiniuliza nitamjibu nini, kwamba binti anakumbuka?"

Nililia, na safari hii halikuwa vumbi.

"Haijasogezwa tangu Mei." Aliyesema ni Fundi Baruti. Alikuwa nyuma yangu, amekuja kuchukua saini ya mlipuko wa mchana. Akafungua kitabu chake kirefu juu ya meza, akakipekua kwa vile vidole vitatu. "Kila nikilipua napima mashine iko wapi, sheria ndiyo inataka. Hii ya Mei, hii ya Juni, Julai, Agosti mbili. Na hii ya Septemba kumi na sita, ile ya katikati. Soma."

Daktari akasoma, na kila tarehe ilisema vile vile: mashine, mita sitini kutoka getini, kushoto.

"Mimi niliiona michoro ya mtoto huyu tangu mwanzo," Fundi Baruti akasema. "Kidole kibovu nakijua. Nilidhani mmekiona." Akachukua saini yake akatoka.

Kumbe ile "Hm" ilikuwa hiyo.

Wageni walikuja saa nne. Daktari aliwaambia ni mnyama mmoja. Alisema karatasi tatu ziligeuzwa, kosa limegunduliwa, na kumbukumbu zimesahihishwa kwa ushahidi wa maandishi. Hakuniangalia hata mara moja. Mtu wa gazeti akauliza, "Mmoja tu?" Aliposikia mmoja tu, akafunga kijitabu chake. Mwenye machimbo akatazama saa.

"Sasa sisi tumekuja kuona nini?"

Kuta hazikuokolewa. Saa nane filimbi ikalia mara tatu, tukahesabiwa nyuma ya matofali, na sakafu yote iliyobaki ikaenda. Dada wa Chuo alinishika bega, akanyamaza mara ya pili tangu nimjue. Nilikuwa na hasira na kila mtu: na mwenye machimbo, na Daktari, na kalamu nyekundu. Nilijiuliza kama ningekaa kimya kuta zingekuwa zimesimama. Mpaka sasa sijui. Mvua ilianza kunyesha saa kumi, kana kwamba ilikuwa inasubiri tumalize.

Nilikwenda kwenye kontena kuomba daftari langu.

"Halirudi," Daktari akasema. Akaona uso wangu, akaongeza, "Yaani naomba lisirudi. Michoro ile mitatu haina maana bila daftari hili. Litakaa nayo makumbusho, kwenye sanduku moja. Atakayetaka kumjua mnyama huyu miaka hamsini ijayo itabidi alisome."

"Kuna mambo humo," nikasema.

"Nimeyasoma."

"Nichane kurasa chache tu."

"Ukichana mmoja, nani ataamini zilizobaki?" Akalipekua. "Na hizi za mwanzo ziliishia wapi?"

"Zilikuwa za hesabu."

"Una ushahidi?"

Nilidhani ananigombeza. Kisha nikaona pembe ya mdomo wake imeinuka. Nikasema lisirudi. Nikasema basi, lakini mara nyingine mtu akisimama mlangoni robo saa akasema hakuna kitu, amuulize mara ya pili. Nilisema yote hayo bila kupumua.

Daktari akatoa kalamu nyekundu mpya kwenye droo, akalifunga daftari, akalaza kiganja juu ya jalada.

"Lazima niandike jina la mwandishi. Sijawahi kukuuliza."

Nikalisema.

"Sijasikia. Mvua."

Nikalisema tena. Nje, chini ya bati, nyapara akaitikia kwa nguvu: "Spika, hata huku tumesikia!" Wachimbaji wakacheka, na mimi, Mungu anisamehe, nikacheka nao.

Daktari akaliandika jina langu lote kwenye jalada, polepole, kwa herufi kubwa. Kisha, kabla hajaliondoa mezani, akachora na mshale, kuonyesha upande wa juu.